Jina Lililoandikwa kwa Penseli

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya madebe manne ya rangi, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Bawaba hazikung'olewa, kwa hiyo anayekaa upande wake hukaa kiubavu. Upande huo ni wa fundi mwenyewe, ambaye hapo kijiweni huitwa Pancha. Anayemfuata ni Kamusi, aliyesahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na mbili na bado hutembea na kalamu sikioni. Kisha Baharia, aliyekuwa mpishi wa meli za mizigo. Dunia ameiona yote, lakini kupitia dirisha la jiko. Anayewauzia kahawa huitwa Mzee Nusu, kwa kuwa hajawahi kujaza kikombe cha mtu. Siku hiyo, saa nane mchana, Pancha alikuwa na karatasi mfukoni: fomu ya binti yake ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ilitakiwa irudi shuleni kabla ya kengele ya saa kumi. Jina litakaloandikwa humo kwa wino ndilo litakalokaa kwenye cheti maisha yote.

— Itoe tuione, alisema Kamusi.

Pancha alijifuta grisi kwenye suruali, akaikunjua fomu juu ya goti. Kwenye mstari wa jina palikuwa na neno moja, kwa penseli: Stela.

— Stela ndiye nani? aliuliza Baharia.

— Ndiye Sikitu wangu. Hataki tena kuitwa Sikitu. Wenzake wanamwimbia: si kitu, si chochote, si lolote. Jana karudi macho mekundu. Ananiambia, baba, mlinipa jina la kitu ambacho hakipo.

— Ulimpa wewe?

— Alimpa mama yangu, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya wodi. Mama akatoka, akasema, huyu ni Sikitu. Nikasema, sawa mama. Miaka kumi na mmoja, mpaka alipofariki mwaka juzi, nimekula naye sahani moja, sikumwuliza maana yake. Sasa yeye yuko kaburini na fomu iko hapa. Nikiandika Stela, nimemfuta mama. Nikiandika Sikitu, nampeleka mwanangu kwenye mtihani na jina linalomliza.

Mzee Nusu alimimina nusu kikombe, akampa.

— Stela ni nyota, kwa Kilatini, alisema Kamusi. Jina zuri tu.

— Jina jema hung'aa gizani, alisema Baharia.

— Sasa likishang'aa lenyewe, nyota ya nini?

— Kamusi, wewe kazi yako kukosoa. Fundi ana shida, msaidie.

— Namsaidia. Kwanza, Sikitu si jina. Ni sentensi. "Si" ni kikanushi, "kitu" ni nomino.

— Kwa hiyo mama alikosea? aliuliza Pancha.

— Hakukosea. Majina ya sentensi yamejaa duniani. Mikaeli, kwa Kiebrania, ni swali kabisa: nani aliye kama Mungu? Mama yake akimwita aje kula, anauliza swali hilo.

— Na mtoto anajibu nini?

— Anajibu "naam", kama mtoto mwingine mwenye njaa.

Baharia alicheka, akasogea mbele. Alipokuwa akisogea hivyo, wenzake walijua meli inang'oa nanga.

— Mimi nimepika na Wachina. Kwao jina la ukoo linatangulia, lako linafuata. Wiki nzima nilimwita injinia kwa jina la babu yake, naye anaitika tu kwa adabu. Na kule Aislandi, kwenye baridi, msichana anachukua jina la baba, mkiani wanamtia neno "binti". Huyu wa kwako angekuwa Panchabinti.

— Binti Pancha, alisema Kamusi. Hilo hata sisi tunalo, wala hatukwenda kulifuata kwenye barafu.

— Nyie mnacheka, alisema Mzee Nusu, lakini kuna watu waliozika watoto wawili watatu, wakaamua kumpa anayefuata jina baya. Takataka. Jalala. Kifo kikibisha hodi kinaambiwa: huyu si kitu, pita. Kinapita.

— Sisi hatukuzika mtoto, Mzee Nusu. Huyu ndiye wa kwanza.

— Basi mama yako alikitangulia kifo. Usipoziba ufa, kuku mgeni hakosi kamba.

Walimwangalia. Hakuna aliyejua pa kuanzia kumrekebisha.

— Mimi nina hili, alisema Baharia. Siku hiyo mama yako hakuwa na mafua?

— Mafua?

— Alikuwa anawaambia ndugu, "Msisikitike." Akafika "sikiti", chafya ikamkamata. Sikiti-chuu! Wewe nje ya wodi ukasikia Sikitu.

— Mama yangu hakuwa na mafua.

— Unakumbuka? Miaka kumi na mitatu?

Pancha alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kitenge cha mama yake, na sauti isiyo na haraka. Jirani mmoja alikuwa amesema pole, mtoto wa kike. Mama alisema hilo jina kabla ya pole ya jirani, au baada yake? Hapo kumbukumbu ilikatika.

— Basi kuna na lingine, aliendelea Baharia. Bandari moja, sitaitaja, niliona gunia la mchele limeandikwa SIKITU. Herufi kubwa hivi. Nikauliza, nikaambiwa alikuwa malkia. Alikuwa na meli arobaini.

— Na zote ulizipikia, alisema Kamusi.

Wakati huo mwanamke alisimama mbele yao na baiskeli. Madumu mawili ya maziwa yalining'inia kando, na gurudumu la nyuma lilikuwa limelala kabisa.

— Hamjambo hapo? Fundi ni yupi?

— Ni mimi, mama. Nipe dakika, tuna jambo zito.

— Maziwa hayasubiri jambo zito. Lipi hilo?

Walimweleza wote wanne kwa pamoja: fomu, kengele, Kilatini, kifo, chafya, malkia. Aliwasikiliza bila kuachia usukani. Kisha akamgeukia Pancha.

— Kwani mtoto wako ni kitu?

Pancha aliinuka kama aliyetukanwa.

— Mtoto wangu? Hapana! Si kitu, ni mtu!

Alibaki amesimama. Mdomo wake ulikuwa bado wazi. Kamusi alitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

— Ngeli, alisema taratibu. Nimesahihisha ngeli za watu miaka ishirini na mbili.

— Sasa mlikuwa mnabishana nini? aliuliza mwanamke.

Mzee Nusu aliinamisha birika. Yalitoka masimbi ya kahawa tu.

Pancha alipindua baiskeli. Alivua tairi, akajaza mpira upepo, akauzamisha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakamwonyesha tundu. Alisugua kwa msasa, akapaka gundi, akasubiri ikauke.

— Lakini una hakika mama yako alimaanisha hivyo? aliuliza Baharia.

— Sina.

Alibandika kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba.

— Basi andika, alisema Kamusi, akimnyooshea kalamu. Saa tisa na nusu hii.

— Siandiki mimi. Jina ni lake. Namfuata shuleni, namwuliza swali la huyu mama vilevile lilivyo.

— Akisema "hapana" tu, akaishia hapo?

— Naandika Stela. Akimalizia mwenyewe, "si kitu, ni mtu", naandika Sikitu.

Mwanamke aliondoka na maziwa yake. Pancha aliichukua kalamu ya Kamusi, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga, akaishika fomu kwa ncha za vidole. Njia nzima alilirudia lile swali kimoyomoyo, asije akaongeza neno.