Birsi Purty, Aliyechora Vilivyomo Ndani

Marehemu Birsi Purty alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 1950, kijijini Bhelwadih, wilaya ya Hazaribagh. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Dhanu Purty na mama Jauni. Jina lake ni la siku hiyo, kama ilivyo desturi yetu Wamunda.

Aliingia shule ya kijiji mwaka 1957, akaishia darasa la tatu. Siku moja mwalimu aliwaambia watoto wachore mbuzi kwenye vibao vyao. Birsi alimchora, na tumboni mwake akachora mbuzi mdogo aliyekunja miguu.

"Huyu mdogo umemwona wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Yumo, Mwalimu. Jumamosi atatoka."

Alichapwa fimbo mbili. Mbuzi alizaa Ijumaa, na marehemu alijilaumu miaka mingi kwa kukosea siku.

Kazi ya kuta alifundishwa na mama yake. Kila mwaka mpunga unapoiva, kabla ya Sohrai, sikukuu ya ng'ombe wetu, wanawake hupaka ukuta udongo mweusi, na juu yake mweupe. Mweupe ukiwa bado mbichi huukwangua kwa chanuo mpaka mweusi utokeze. Ukichelewa, umekosa. Wenzake walichora ng'ombe. Yeye alichora ng'ombe pamoja na majani aliyokula. Samaki wake walikuwa na mayai, na chatu wake alikuwa na kuku wa jirani, jambo lililozua maneno kijijini.

Mwezi Mei 1969 aliolewa na Singrai Horo, mpiga ngoma wa kijiji cha Sarubera. Singrai alipokuja kuposa alikuja na ngoma yake, nao wazee wakiwa bado wanasalimiana, binti akamuuliza ndani yake mna nini.

"Hewa," Singrai akajibu.

"Hewa tu? Umeangalia?"

"Nikiifungua itanyamaza."

"Si utaifunga tena?"

Akaifungua. Walikuta hewa, na mende mmoja mkavu. Harusi ilichezwa kwa ngoma ya kuazima, na mpaka alipofariki mwaka 2008, Singrai alipenda kuwaambia wageni, "Huyu alinifungulia ngoma nikiwa nimekaa hapo hapo, namtazama."

Novemba 1993 Birsi alialikwa Delhi kuchora kwenye maonyesho. Alipanda treni na gunia la udongo. Mkaguzi wa tiketi akamuuliza kama Delhi hakuna udongo.

"Ndiyo naenda kuangalia, mwanangu. Ukiwa mbaya, nitatumia wangu."

Ulikuwa mbaya. Alichora ukuta mzima kwa siku nne, na baada ya maonyesho ukuta ukaoshwa. Wenyeji walimwomba radhi. Yeye alitaka tu kujua maji yale machafu yanaelekea wapi.

Mwaka 2015 macho yake yalianza kufifia, na kufikia 2017 alikuwa haoni kabisa. Binti yake Salgi alimbembeleza miaka miwili aende hospitali. Alikataa, akiogopa kisu. Misimu hiyo miwili alichora kwa kupapasa, mkono wa kushoto ukitangulia, chanuo likifuata. Wapo waliosema heri aache, anaharibu ukuta. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilikuwa mmoja wao, na leo ninakiri mbele yenu.

Kilichomshawishi ni neno moja. Salgi alimwambia ugonjwa unaitwa mtoto wa jicho.

"Mtoto? Yumo humu?"

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Basi nipelekeni. Huyo nataka kumwona."

Alipasuliwa mjini Hazaribagh tarehe 3 Desemba 2019. Aliporudi nyumbani alisimama mbele ya ukuta wake mwenyewe muda mrefu. Wanyama walikuwa wamepishana, mmoja akianzia ndani ya mwingine, bila mpaka.

"Shangazi, tuupake upya?" nikamuuliza.

"Ngoja kwanza. Hapa sijui nilifanyaje." Akaanza kuufuata kwa kidole. "Usiuguse mpaka nijue."

Tangu hapo, kila Sohrai, alifunga macho kwa kitambaa akachora ukuta mmoja hivyo. Wasichana kumi na wawili wa vijiji vya jirani walijifunza kwake.

Januari mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki nyumbani Sarubera, Jumanne tarehe 6 Februari 2024, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 73. Salgi alikuwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa swali, lakini sauti ilikuwa ndogo na Salgi hakulisikia vizuri.

Marehemu ameacha kaka yake Chamu, binti yake Salgi, wanawe Etwa na Mangra, wakwe watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na ukuta wa mashariki, wa mwisho kuuchora akiwa amefunga macho, ambao hatutaupaka mwaka huu.

Shangazi yetu apumzike kwa amani, na huko aliko awepo mtu mwenye subira ya kumjibu.