Robo Yangu ya Stubwick

WAMBUI: Haloo? Nani huyo? Sema haraka, nakamua ng'ombe.

HARRISON: Ni mimi, mama. Harrison. Habari ya jioni?

WAMBUI: Wewe! Huko Minnesota si bado ni asubuhi? Nani amekufa?

HARRISON: Hakuna aliyekufa. Wanjiku wangu ameenda shifti, Valentina bado amelala.

WAMBUI: Na theluji?

HARRISON: Theluji ndiyo imefanya nikupigie.

WAMBUI: Umeanguka!

HARRISON: Nimeanguka, lakini si kwa miguu. Unakumbuka yale maneno ya mate, ya kupima ukoo?

WAMBUI: Ya kutema mate kwenye kichupa ukayatuma kwa posta? Nilimwambia hata pasta. Akasema tukuombee.

HARRISON: Basi majibu yalikuja, yakasema robo yangu ni Mwingereza.

[ndoo inagonga chini]

HARRISON: Mama?

WAMBUI: Niko. Ng'ombe amepiga ndoo teke. Robo ni nyama nyingi, Harrison.

HARRISON: Ndiyo hiyo! Mimi nesi mzima, hesabu za dawa nazifanya kila siku, hii ikanishinda. Nikajiambia lazima ni babu wa zamani sana, bwana mkubwa mwenye farasi. Nikanunua kofia ya sufu. Nikaanza kunywa chai bila sukari—

WAMBUI: Wewe! Uliyekuwa unalamba sukari hadi karatasi yake!

HARRISON: Nikawaambia watu wa fellowship damu yangu ina mambo makubwa. Sasa wananiita Sir Harrison. Valentina ananiambia, "Dad, please. Stop."

WAMBUI: Mtoto ana akili. Ametoa wapi?

HARRISON: Ngoja. Wale watu wa mate wakanionyesha mtu wa damu moja na mimi. Mama mzee, anaitwa Fiona, na anakaa hapa hapa Golden Valley. Kutoka kwangu, mtaa wa Crystal, ni kuvuka tu. Ukoo wao umetoka kijiji cha Uingereza kinaitwa Stubwick.

WAMBUI: Stabu-nini?

HARRISON: Stubwick. Tukaandikiana, akasema niende jana. Nikavaa suti, viatu vya harusi na ile kofia. Nikabonyeza kengele. Akafungua, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Asante Mungu, umefika." Akanipa koleo.

WAMBUI: Koleo la nini?

HARRISON: La theluji! Kuna kijana alikuwa anamngoja aje kuondoa theluji; mimi alinitarajia mzungu.

WAMBUI: Na wewe ukamwambia—

HARRISON: Nikashovel.

WAMBUI: Harrison!

HARRISON: Driveway yote, njia nzima ya gari, mama. Nikasema nikimaliza nitajitambulisha kwa heshima. Nikamaliza, akanishukuru sana, akafunga mlango.

WAMBUI: [anacheka] Uui! Sir Harrison! Ngoja nishike ukuta.

HARRISON: Cheka. Hata mimi nilicheka, midomo ikiwa imeganda. Nikagonga tena. Nikavua kofia nitaje jina langu, na hapo akaona masikio. Ukutani ana picha ya baba yake, amesimama na kaka yake. Huyo kaka, mama... ana masikio yetu. Haya yako. Haya ambayo shuleni waliniita gari limeacha milango wazi.

[mtandao unakwaruza]

WAMBUI: —sikusikii—

HARRISON: Nasema masikio! Na hakuwa bwana mkubwa. Baba yake alifuga nguruwe. Yeye alikuja Kenya kurekebisha mashine za kiwanda cha mbao, Nyahururu. Jina lake—

WAMBUI: Wilfred.

HARRISON: Ulijua?

WAMBUI: Cucu yako Njeri, mama yangu, aliniambia siku moja tu, tukichambua maharagwe. Akasema, baba yako aliitwa Wilfred, aliimba vibaya, na aliondoka kabla hujaanza kutambaa. Basi.

HARRISON: Mama... alikuwa... yaani cucu alimtaka, ama—

WAMBUI: Sikuuliza. Maharagwe yaliisha.

HARRISON: Na babu, guka Gathogo?

WAMBUI: Gathogo alinikuta mgongoni kwa mama, akatuchukua sote wawili. Huyo ndiye baba. Hapo usiguse.

HARRISON: Sigusi.

WAMBUI: Lakini wewe na masomo yako! Mimi ni kifungua mimba. Binti wa kwanza kwetu hupewa jina la nyanya wa upande wa baba. Mimi ni Wambui, jina la mama yake mama. Hukuwahi kujiuliza?

HARRISON: Hata kidogo.

WAMBUI: Kijiji kizima kilijua kuhesabu isipokuwa wewe. Upande ule haukuwa na jina la kunipa.

HARRISON: Pole, mama. Mimi na kofia yangu.

WAMBUI: Wacha kofia. Huyo Fiona alisema nini?

HARRISON: Alilia. Kwao walijua Wilfred alirudi Stubwick, hakuoa, akafa bila mtoto.

WAMBUI: Mwambie mtoto yupo.

HARRISON: Nilimwambia.

WAMBUI: Mwambie tena. Mwambie ana ng'ombe, ana meno yake, ana simu. [mtandao unakwaruza] Harrison, bando yangu inaisha, haraka. Huyo Wilfred... mama yake aliitwa nani?

HARRISON: Mama yake?

WAMBUI: Si huyo ndiye nyanya yake Fiona? Lazima anajua.

HARRISON: Anajua. Alinitajia. Ethel.

WAMBUI: Etheli.

HARRISON: Ndiyo. Alikuwa mama wa nguruwe, lakini Fiona anasema kijiji kizima kilimwogopa.

WAMBUI: Etheli. Niite hivyo.

HARRISON: Mama, siwezi kukuita kwa ji—

WAMBUI: Mara moja tu. Nisikie.

HARRISON: ...Etheli.

[ng'ombe analia]

HARRISON: Mama? Haloo? Umesikia?

WAMBUI: Nimesikia. Hapana. Hainikai kabisa. [anapenga kamasi] Jina baya hivyo. Hebu rudia.

HARRISON: Ethe—

[simu inakatika]