Mzee Nyota Mbili na Mwisho Ambao Hakuuona

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukaa gizani kwa gharama ya kampuni, mhakiki wetu wa filamu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Katika muda huo gazeti limepata wahariri wakuu saba, limehama ofisi mara mbili na limebadilisha rangi ya nembo kila alipokuja mkuu mpya wa masoko. Yeye hakubadilika. Alikuja na koti la kahawia na anaondoka na koti la kahawia, ingawa mkewe anaapa kwamba si lile lile.

Humu ndani na huko nje anajulikana kama Mzee Nyota Mbili. Filamu kwenye ukurasa wetu hupewa nyota, kuanzia moja hadi tano, naye kwa nyota alikuwa mkono wa birika hasa. Filamu mbaya aliipa moja, nzuri aliipa mbili. Ya tatu ilisemekana anaitunzia harusi ya binti yake. Binti akaolewa, tukatazama mkanda wa harusi pamoja sebuleni kwao, na baba mtu akasema sehemu ya katikati imerefushwa bila sababu.

Alianzia kwenye dawati la matangazo ya vifo, mahali ambapo kila mtu husifiwa, na anasema ndiko hamu ya kusifu ilikomwishia. Alihamishiwa burudani pale mhakiki aliyemtangulia alipoacha kazi akaigize filamu. Uhakiki wa kwanza wa mzee wetu ulikuwa wa filamu hiyo hiyo. Mtangulizi wake alipata nyota moja, na hawajasalimiana vizuri mpaka leo.

Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huwa na ukweli kidogo na sifa tele. Huu umegeuzwa kwa amri ya mstaafu mwenyewe. Uongozi ulikuwa umeamua chumba chetu kidogo cha kutazamia filamu, ghorofa ya pili, kipewe jina lake, na mlangoni pagongwe kibao cha shaba kinachosema: "Jicho Lililoona Kabla ya Wote." Mzee alipoonyeshwa kibao alikisoma taratibu, akakigeuza nyuma kana kwamba anatafuta bei, akasema, "Hiki kikigongwa, mimi kwenye sherehe sitokei. Andikeni kilichotokea." Uongozi ukakuna kichwa. Mwishowe walikubaliana kwamba kibao kisubiri na ukweli uandikwe humu, kwenye kijitabu cha sherehe, kwa kuwa inaaminika watu humu hutazama picha tu na ratiba ya chakula.

Kazi nimepewa mimi kwa sababu mimi ndiye mfunga kurasa za burudani, ninayezikamilisha na kuzipeleka mtamboni, na meza yangu imetazamana na yake miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kilichotokea ni filamu iliyoitwa Mpangaji wa Juu. Ilitokana na riwaya ya jina hilo hilo, iliyoandikwa na mwalimu wa hesabu wa sekondari, mama mwenye sauti ya chini ambaye hakuwa ameandika kitabu kabla na hajaandika kingine baadaye. Sisi tunamwita Mwalimu. Riwaya yenyewe inahusu mjane anayeishi chini na kupangisha chumba cha juu. Kila jioni anasikia hatua za mpangaji zikienda na kurudi, na kadiri siku zinavyopita anashindwa kukumbuka ni lini alimwona mpangaji huyo akiingia. Kitabu kizima hapigwi mtu hata kofi, lakini ukikimaliza unawasha taa zote kabla ya kwenda chooni. Mwishoni mjane anapanda ngazi, anafungua mlango, anakuta vumbi na chumba kitupu. Anavua kandambili zake, anazipanga zikielekea mlangoni, kisha anaanza kutembea mle ndani, kwenda na kurudi. Basi.

Hapa lazima nieleze desturi ya mzee. Filamu isiyo na kitabu aliiangalia mpaka majina ya mwisho, hata la aliyechemsha chai. Filamu iliyotokana na riwaya aliondoka kabla haijaisha. Alikuwa ameshakisoma kitabu mara mbili, mwisho anaujua, na mtambo wa kuchapisha ulikuwa hausubiri mtu. Alikaa kiti cha pembeni karibu na mlango, amevaa viatu vya raba ili asisikike, na wenzake wakigeuka wanakuta kiti kitupu. Miaka yote hiyo haikumletea shida. Waandaaji filamu wa wakati ule walikuwa waoga wa kugusa miisho ya watu.

Siku ya onyesho la waandishi aliingia ofisini akihema, uso umemng'aa kama mtu aliyesamehewa deni. Aliandika bila kuinua kichwa, akaniletea karatasi, nikaona nyota nne. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Funga ukurasa, ndugu yangu. Nimengoja hii filamu tangu niajiriwe." Nikafunga. Ukurasa ulikwenda mtamboni wahakiki wengine wakiwa bado wamekaa ukumbini, na hilo nalisema kama shahidi, kwa sababu limekuja kuwa na maana.

Sasa, mtayarishaji wa filamu ile, ambaye fedha zilikuwa zake, alikuwa ameona kwamba chumba kitupu hakiuzi tiketi. Kwenye filamu, mpangaji akageuka kuwa shemeji wa mjane anayetaka kumtia wazimu ili arithi nyumba. Magari yakafukuzana, moja likatumbukia mtoni, na mjane akaolewa na askari.

Asubuhi yake magazeti yalitoka. La jirani zetu liliandika kwamba filamu "inaanza kama ndoto mbaya na kuishia kama tangazo la matairi." Jingine lilisema saa ya kwanza inasinzia na ajali ndiyo iliyomwamsha mhakiki, maelezo ambayo waliokaa karibu naye wanasema ni ya kweli kabisa. Sisi tulikuwa na nyota nne, na sifa za mwongozaji "aliyethubutu kutogusa mwisho." Mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwaga siri ya mwisho wa filamu, safari hii alizidiwa na furaha. Alieleza ngazi, vumbi na kandambili. Kisha akaongeza sentensi inayomnyima raha hadi leo: "Ukumbi mzima ulinyamaza." Ukumbi mzima, kwa taarifa yenu, ulikuwa unacheka gari likizama.

Mngetarajia gazeti lichekwe. Wahakiki wenzake walijiandaa kucheka, wakavuta pumzi kabisa. Lakini wasomaji walikuwa wamemjua mzee kwa ubahili wake, na mtu mchoyo kiasi kile akitoa nyota nne, hakuna anayedhani amekosea. Walijaa sinema, wakaona gari mtoni, wakatoka wamefura. Hawakuja kwetu. Walimvamia meneja wa sinema wakitaka kujua nani kaukata mwisho, na kama anadhani wao ni watoto. Meneja wa watu akaapa hajakata kitu. Mama mmoja akamwambia, "Mzee Nyota Mbili kaona kandambili, wewe unatuonyesha askari?"

Mzee alipoelewa alichofanya, alikwenda kwa mhariri mkuu wa wakati ule na sahihisho mkononi: aliondoka mapema, aliandika mwisho wa kitabu, anaomba radhi kwa wasomaji. Alikuwa tayari kufukuzwa, hata vitu vya mezani alishavitia kwenye mfuko. Mhariri mkuu alisoma, akatazama idadi ya nakala zilizouzwa, akasema, "Subiri kwanza."

Siku mbili baadaye akaja mwongozaji wa filamu. Alipita katikati ya meza zetu, akamkamata mzee mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga, akauliza, "Nani alikuonyesha?" Kumbe mwisho wa kitabu ulikuwa umepigwa picha kweli. Mwongozaji aliupenda, mtayarishaji akauondoa na kuufungia kabatini. Mzee akajibu ukweli: "Mimi hakunionyesha mtu. Niliondoka mapema, nikaandika nilichosoma." Mwongozaji akamtazama, akatabasamu, akamkonyeza. Akatuambia sisi tuliosimama pale kwamba hajawahi kukutana na mwandishi anayelinda chanzo chake namna ile.

Hapo ndipo masaibu yake yalipoanza. Kila aliposema kweli alipewa heshima zaidi. Alimweleza mtayarishaji kwenye simu, mtayarishaji akaenda kubadilisha kufuli la kabati. Aliwaeleza wahakiki wenzake, na wawili kati yao wakaandika kwamba wao pia walikuwa wamehisi kuna mwisho mwingine. Watu walizidi kudai kandambili, mpaka mtayarishaji akakubali yaishe, akaurudisha mwisho wa zamani. Uhakiki wetu, uliokuwa uongo siku ulipochapishwa, ukawa kweli wiki ya tatu. Mhariri mkuu akasema waziwazi kwamba sahihisho halihitajiki tena, filamu imejisahihisha yenyewe.

Wahakiki walirudi kutazama upya. Saa ya kwanza iliyokuwa inasinzia sasa ikawa "inapumua." Yule wa matairi aliita filamu "kioo cha akili iliyovunjika" na hakusema aliyapeleka wapi matairi. Chama chao kikampa mzee tuzo ya ujasiri. Alipanda jukwaani akasema, "Jamani, mimi sikuiona." Ukumbi ulisimama kumpigia makofi kwa unyenyekevu wake. Nilikuwepo, nimekaa na mkewe, ambaye mimi ni shemeji yake kwa mazoea tu. Shemeji hakupiga makofi. Aliinama akaniambia, "Huyu leo hatalala," na kweli.

Ukiacha sisi wa karibu, mtu mmoja tu hakudanganyika. Mwalimu alimpigia simu mezani asubuhi ile ile uhakiki ulipotoka, kabla ya rabsha yoyote. Alijua mwongozaji alipiga picha ya mjane akiwa peku tangu mwanzo wa ngazi. Kandambili hazikuwepo mahali popote ila kwenye kitabu chake, na hata mwisho uliporudishwa bila hizo hakuna aliyeziulizia. Mzee anasema alimwambia hivi: "Wewe umesoma, hukuangalia. Nilihangaika mwaka mzima kuomba mwisho wangu, hawakunisikiliza. Sasa wewe sema kweli kwa kila mtu. Hawatakuamini." Mwalimu wa hesabu, na hesabu yake ilitoka sawasawa.

Tangu hapo mzee hajawahi kuondoka mapema popote. Kwenye mikutano anabaki mpaka viti vinapangwa. Kwenye harusi anasaidia kukunja vitambaa. Kampuni ilipotangaza malipo mazuri kwa watakaokubali kustaafu kabla ya wakati, alikataa kwa barua ya mstari mmoja. Waandishi vijana aliowalea, na wengi wao leo ni wakubwa zake, waliapishwa mbele ya meza yake kwamba hawataandika kuhusu kitu ambacho hawakukiona, hata kama wanakijua. Ukurasa wetu wa burudani ndio pekee katika gazeti hili ambao haujawahi kuandika "inasemekana." Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kuliko tuzo, na naisema bila mzaha.

Ila Mpangaji wa Juu yenye mwisho uliorudishwa hajaitazama. Shemeji na mimi tulikwenda. Mjane alipoanza kutembea mle chumbani, ukumbi mzima ulinyamaza, vilevile alivyoandika, nami nilitamani angekuwepo mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilimwambia. Akasema amefurahi, akabadilisha mazungumzo. Kila mwaka Mwalimu humpigia simu kumuuliza, "Umeshaiona?" naye humjibu, "Bado." Nilidhani ni aibu. Mwezi uliopita, tukisafisha droo zake, ndipo aliponiambia sababu. "Na kama nikikuta inastahili mbili," alisema, "nitamwambia nini yule mama?"

Basi ndugu wasomaji, ikiwa kweli mnasoma, anachotaka mwenzetu kabla hajarudisha kitambulisho ni kuaminiwa. Aliondoka mapema. Hakuona kitu. Hakuwa na chanzo, hakuwa shujaa, alikuwa amekipenda kitabu na ana haraka. Mwaminini, tafadhali, na mkimkuta mlangoni msimkonyeze.

Sherehe ni Jumamosi mchana katika chumba hicho cha ghorofa ya pili, ambacho mlango wake kwa sasa hauna kibao. Baada ya hotuba, ambazo wahusika wameombwa wazikate mapema kwa heshima ya zamani, itaonyeshwa Mpangaji wa Juu. Kiti cha pembeni karibu na mlango amepewa Mwalimu, ambaye siku hizi anatembea na fimbo na hapendi kusumbuliwa kuinuka. Mzee atakaa kiti cha ndani kinachofuata, na ili atoke itabidi ampite. Kwenye mkono wa kiti chake tumemwekea kalamu na karatasi yenye ile nafasi ya nyota tano, tupu, pamoja na ukurasa wa Jumatatu ambao sijaufunga. Mwalimu ameagiza aambiwe kwamba mbili zinamtosha, mradi safari hii awe ameziona.

Ahsante kwa miaka yote, mzee wetu, kwa ubahili wako na kwa ukweli wako ambao hatukuutaka. Uwe na siku ndefu zisizo na mtambo unaongoja, afya njema wewe na shemeji, na wajukuu wanaokubali kukosolewa. Na Jumamosi, taa zikizimwa, kaa.