Bi Pambizo, Aliyelipanga Tangazo la Mto

Ndugu, jamaa na majirani, tunawashukuru kwa kuja kumsindikiza. Huyu tunayemlaza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Pambizo. Alibandikwa jina hilo kazini, kwa sababu mtu akijaribu kusukuma maandishi mpaka ukingoni mwa karatasi, alimpiga kikofi mkononi na kumwambia, "Waache watu wapumue." Alikuwa hodari wa kazi yake, mcheshi, na alikuwa mwoga. Familia imekubaliana hilo lisemwe waziwazi, maana yeye mwenyewe hakulificha hata siku moja.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata king'ora cha treni ambacho alikisikia tangu akiwa tumboni. Kaka zake walimcheka mpaka machozi. Mama yao aliwanyamazisha: "Mwacheni mwenzenu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Shule ya msingi aliianza mwaka 1965, na akili alikuwa nazo. Kilichomponza ni mtihani wa mwisho, mwaka 1971. Karatasi ilijazwa maneno pomoni, maelekezo na maswali saizi moja, kichwa hakijulikani wala mkia. Akajibu yote aliyoyaona, akaweka kalamu chini, akakaa akiwatazama wenzake wakihangaika, na moyoni akajipongeza kwamba amewaacha mbali. Walipotoka nje, rafiki yake akamuuliza, "Lile la ramani kule nyuma, umelijibuje?"

"Nyuma wapi?"

Maneno "Geuza ukurasa" yalikuwa yamechapwa pembeni kabisa, madogo kama chawa. Njia ya sekondari ikafungwa hapo. Baba yake hakumgombeza, lakini mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, anakumbuka kwamba tangu siku hiyo dada hakushika karatasi yoyote, hata ya kufungia sukari, bila kuipindua aone upande wa pili.

Mwaka 1974 mjomba wake alimpeleka kwenye kiwanda cha uchapaji, chumba kirefu chenye harufu ya wino na mafuta ya taa. Alianza kwa kukunja karatasi, kisha akahamishiwa chumba cha kupangia herufi, chini ya mama mmoja mkali ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiketi. Mama huyo alimfundisha kazi kwa maneno machache. "Jicho ni mgeni," alimwambia. "Mgeni akifika, mwonyeshe kiti. Usimwachie nyumba nzima ajitafutie." Alipoona mwanafunzi wake amekoleza mistari mitano katika ukurasa mmoja, alimfutia minne. "Ukikoleza kila kitu, hujakoleza kitu." Marehemu aliyashika. Akajua kichwa cha habari kianzie wapi, kichwa kidogo kikae umbali gani chini yake, herufi nzito zitumike lini, na nafasi tupu iachwe wapi ili jambo kubwa lionekane kubwa.

Hapo kazini ndipo alipokutana na mumewe, fundi mitambo. Siku alipokuja kumposa, bwana huyo alianza na habari za hali ya hewa, akaingia kwenye ubovu wa mashine namba mbili, akazunguka kwa shangazi yake mgonjwa, na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, akataja ndoa. Bi Pambizo alimsikiliza mpaka akamaliza. "Mwenzangu," akasema, "kichwa cha habari umekiweka chini ya ukurasa." Walifunga ndoa tarehe 10 Septemba 1983, wakahamia bondeni kando ya mto, nyumbani kwa mama mkwe, na wakajaliwa watoto wawili.

Sasa tuseme la mto, kwa sababu alilibeba mpaka mwisho.

Tarehe 22 Aprili 1991 mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Umeme ulikatika, redio za majirani zikanyamaza, na kiwandani mashine iliyobaki hai ilikuwa moja tu, ya zamani, ya kuzungushwa kwa mkono. Mchana, ofisa wa mji aliingia akiwa amelowa chapachapa. Ukuta wa bwawa kule juu ulikuwa umeanza kupasuka. Watu wa bondeni wahame kabla ya giza, naye alitaka tangazo la kubandikwa ukutani na kugawiwa mkononi. Karatasi aliyoileta ilianza na nembo, ikafuata salamu, kisha majukumu ya ofisi kwa mujibu wa kanuni. Neno "kuhama" lilijificha katika aya ya mwisho.

Bi Pambizo aliisoma mara moja. Binti yake wa miaka sita alikuwa bondeni na bibi yake, na mtoto mchanga naye alikuwa huko huko. Mikono ilimtetemeka hata herufi za mbao zikawa zinagongana kama meno ya mtu mwenye homa. Akapanga neno HAMENI kwa herufi kubwa kuliko zote zilizokuwamo kabatini.

Ofisa akaruka. "Dada, nembo iko wapi? Na hili neno, mbona kubwa namna hii? Unataka watu wakanyagane pale kwenye daraja la kutokea bondeni? Wakifa, nitajibu mimi!"

"Na wasipoliona, mzee?"

Ofisa alijifuta uso kwa kiganja. Jasho lilimtiririka pamoja na maji ya mvua. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa anaogopa, ila hofu yake ilikuwa imetazama upande mwingine.

"Mimi mtoto wangu yuko huko chini," Bi Pambizo akasema. "Mtu mwenye hofu hasomi, mzee. Anatafuta. Mimi mwenyewe sasa hivi natafuta kwenye karatasi yako, sioni."

Lakini la daraja lilikuwa limemwingia. Aliliona: bonde zima linakimbilia njia moja, watoto wamebebwa mgongoni, mtu wa kwanza anateleza. Akalivunja lile neno kubwa na kuanza upya. Juu akaweka LEO KABLA YA GIZA. Chini yake akaacha nafasi tupu pana. Kisha akaigawa karatasi katikati kwa mstari mnene: kushoto, WA JUU YA SOKO, NENDENI SHULENI, na kulia, WA CHINI YA SOKO, NENDENI STESHENI. Njia mbili, na hakuna iliyopita darajani. Maelezo ya nini cha kubeba yakafuata kwa herufi ndogo, pamoja na neno "polepole". Jina la ofisi likakaa chini kabisa.

Ofisa aliisoma tangu juu mpaka jina la ofisi yake. "Piga," akasema mwishowe.

Mumewe alishika mpini wa mashine, kisha akauachia. "Mama watoto, twende tukawachukue kwanza."

"Tukienda, nani atazungusha?"

"Ni watoto wetu!"

"Najua ni wetu!" alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Akachukua nakala za kwanza, wino haujakauka, akampa msambazaji wa magazeti mwenye baiskeli. "Anza na mtaa wangu," akamwambia, bila aibu yoyote. Kisha akarudi kulisha karatasi, akilia, huku mumewe akizungusha. Ofisa naye alijitwika furushi begani, akatoka kwenye mvua.

Bwawa lilibomoka kabla ya mapambazuko. Maji yalifagia bonde lote, nyumba yao ikiwemo. Watu walikuwa shuleni na stesheni. Mama mkwe alikutwa ameketi juu ya gunia la nguo, mtoto mchanga kifuani, mjukuu amemshika kanga barabara asipotee. Bi Pambizo alipowaona, alikaa sakafuni kando yao, akamchukua mtoto mchanga mapajani.

Ila kwenye ngazi za stesheni, katika msongamano, muuza mkaa mmoja, mama wa watoto wanne, alianguka na hakuinuka tena. Bi Pambizo alikwenda kumzika. Kwa miaka mingi alikuwa akimuuliza mumewe, wakiwa mezani, bila utangulizi, "Ningeliweka lile 'polepole' kubwa zaidi?" Tangu hapo kila tangazo la hatari lililopita mikononi mwake, neno hilo lilikuwa la pili kwa ukubwa. Walimsifu mjini, wakamwita shujaa, naye kila aliposikia hivyo aliinuka akaondoka.

Aliendelea na kazi hata kompyuta zilipoingia, akawafundisha vijana wengi, na alistaafu mwaka 2017.

Mwezi Oktoba 2020 alipatwa na kiharusi. Mwendo ulirudi, maneno yalirudi, lakini kusoma hakukurudi. Herufi alizitazama kama mtu anayetazama sisimizi. Jambo hilo lilimtisha kuliko maumivu yoyote. Aliogopa hata kushika pakiti ya dawa zake mwenyewe. Mumewe akawa anamfungulia gazeti kila asubuhi. Yeye aliweka kidole mahali fulani na kusema, "Habari yenyewe ni hii hapa, nisomee," na hakukosea. Akiuona ukurasa uliojaa kila pembe, alisonya. "Hawa hawajali mtu."

Mwaka huu moyo ulichoka. Wiki ya mwisho, wodini, wageni walimwambia awe jasiri. Aliwaitikia kwa adabu. Walipotoka, alimgeukia mumewe. "Baba watoto, naogopa."

Mumewe alikuwa amezoea kumwambia, usiogope. Siku hiyo hakusema hivyo. "Hata mimi naogopa," akasema.

Bi Pambizo akajisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, akapapigapiga mahali palipobaki wazi. Bwana akavua viatu, akalala pale. Muuguzi aliingia, akawaona, akavuta pazia. Bi Pambizo alifariki hivyo, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, na mumewe anasema haukuwa ukitetemeka.

Ameacha mume, binti mmoja ambaye ni muuguzi, mwana mmoja ambaye ni seremala, wajukuu watano, na mdogo wake wa kike, ambaye leo amesoma mpaka hapa na sasa anaomba akae chini.

Mungu ampokee, amlaze mahali palipo na amani.