Karani wa Kioko Aliyehukumiwa Kufa

Mheshimiwa Chifu, Bwana Daktari, Maalim Abdillahi, wauguzi na wafanyakazi wa hospitali, ndugu wageni waalikwa, nanyi majirani zangu mliokuja kusikia kama nitathubutu kusema: salaam kwenu nyote.

Mimi ni Kanze wa Mwarandu, muuza mbaazi wa hapa Port Reitz. Nimeombwa nimuage Bwana Justus Kioko, dresa aliyetufunga vidonda miaka ishirini na miwili, na kesho kutwa anarudi kwao Kitui. Wenzangu wameisifu mikono yake. Mimi nitausifu mdomo wake, kwa sababu aliufunga.

Mnamkumbuka mbwa wake, Karani? Aliitwa hivyo kwa kuwa alikaa mlangoni akimtazama kila apitaye kama anayemwandika. Mwaka wa hamsini na tisa Karani alimuuma mkaguzi wa vyoo, bwana mmoja wa kaptula iliyonyooshwa kwa pasi na sauti ya kuamrisha. Alimuuma pale anapokalia. Mkaguzi akaapa mahakamani kwamba alikuwa barabarani, anajiendea zake. Hakimu akaamuru: "Karani auawe baada ya siku kumi na nne." Karani wa mahakama, aliyekuwa akiandika, akaangusha kalamu.

Mnacheka. Kioko hakucheka. Tangu afiwe na mkewe, kila alipotoka kazini hakuwa na mwingine wa kumlaki ila mbwa yule, na sasa amefungiwa kituo cha polisi akingoja risasi.

Akaandika ombi, akazunguka nalo mlango kwa mlango akitafuta sahihi na madole gumba. Changamwe nzima alijibiwa neno moja: "Bwana Kioko, mbwa ni najisi." Mpaka alipofika kwa Maalim Abdillahi, huyu hapa mbele yenu.

Maalim akauliza, "Karatasi hii mbwa ameilamba?"

"La, Maalim."

"Basi lete kalamu. Nikimgusa nitajitwahirisha. Nikinyamaza akadhulumiwa, nitajiosha na nini?"

Baada yake watu mia mbili na kumi wakatia dole. Lakini hakimu alitaka shahidi, hakutaka madole. Na shahidi alikuwepo.

Shahidi ni mimi. Mkaguzi hakuwa barabarani. Alikuwa uani kwangu, kaingia bila hodi, nami naoga nyuma ya makuti! Nikapiga ukelele, Karani akaruka ua kutoka nyumba ya pili, akamuuma. Kioko akaja mbio, akaona yote. Neno lake moja lingemwokoa mbwa, naye hakulisema. Nikamuuliza, "Mbona husemi?"

Akanijibu, "Dada Kanze, hilo ni lako. Si langu la kutembeza."

Je, ni wangapi humu wangeweza kufunga mdomo namna hiyo? Usiinue mkono, Mwanatabu, tunakujua.

Siku kumi na moja nilikaa kimya kwa kuona haya. Mimi mjane, nisimame mbele ya hakimu Mzungu nieleze habari za kuoga kwangu? Na kila asubuhi Kioko alipita na karatasi yake, akanisalimu vizuri, akaenda zake. Siku ya kumi na mbili nikavaa leso mpya, nikaenda mahakamani; mkaguzi naye akaitwa.

Nikasema, "Bwana Hakimu, nilikuwa naoga, na bwana huyu akaingia uani kwangu bila hodi."

Mkaguzi akaruka: "Mwongo! Tena sikuona kitu, povu lilikuwa jingi!"

Wallahi, mkalimani alishindwa kutafsiri. Alicheka mpaka akashika meza. Hakimu akamngoja, akaelezwa, akavua miwani polepole, akamuuliza mkaguzi: "Povu la barabarani?"

Amri ikafutwa siku ile ile. Karani akarudi Port Reitz juu ya mkokoteni, watu wakishangilia, hata wale waliokuwa wakimkwepa. Aliishi hadi mwaka jana, akafa kwa uzee, usingizini.

Bwana Kioko, watu husema mimi ndiye niliyemwokoa mbwa wako. Miaka mitatu nimeipokea sifa hiyo, na soda za bure juu yake. Kweli ni kwamba nilikuacha utembee juani siku kumi na moja, na neno la kumwokoa ninalo mimi. Sijakuomba radhi hata siku moja. Nakuomba leo, mbele ya Chifu, ili uone taabu kukataa.

Naam. Ameinua mkono kukubali, anafuta macho, anasema ni vumbi. Bwana Daktari, dresa wako anadanganya, na ni mara ya kwanza.

Nenda salama, kaka yangu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.