Mkono Upi Ulianza Jumanne

Niwieni radhi mapema, maana habari hii nitaisimulia vibaya. Sababu ninazo tatu. Ya kwanza, jino langu la mbele lilibaki jukwaani Kakonko, kwa hiyo aliyekaa karibu nami ajifute uso mwenyewe. Ya pili, siku hiyo nilikuwa nimeshakunywa vikombe vitano vya kahawa ya Khatibu, na kahawa ya Khatibu ukinywa vitano unaanza kuwajibu hata watu ambao hawajakuuliza. Ya tatu nitaisema mwishoni, nikipata ujasiri.

Kijiwe chetu kiko hapa Kasulu, nyuma ya soko: ubao mmoja mrefu juu ya matofali manane, umeegemea nguzo ya umeme. Mbele yetu, hatua kumi na mbili, ndiyo baraza ya fundi cherehani wetu, Ininahazwe, binti wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa Mzee Tharsisi na Mama Immakulata wa Rungwe Mpya. Suruali zote za kijiwe hiki zimepitia mikononi mwake. Kifafa kilimwanza ana miaka saba, na dawa za kila aina ameshameza. Sasa ikasikika kwamba Ijumaa yeye na wazazi wake wanapanda ndege kwenda India, ambako kuna madaktari wanaojaribu tiba mpya: wanakipachika kidude kidogo kama kifungo cha koti ndani ya fuvu, nacho kinakinusa kifafa kabla hakijafika na kukizima. Bado ni majaribio. Wanachukua wagonjwa kumi na wawili dunia nzima, na wa kumi na mbili ni huyu wetu.

Kijiwe kilikasirika. Sijawahi kukiona kimekasirika hivyo tangu bei ya kashata ilipopanda.

Aliyefungua kikao ni Venanti, tunayemwita Bunge, kwa kuwa hawezi kuomba hata sukari bila kuanza na neno mheshimiwa.

— Mheshimiwa Khatibu, kabla hujamimina, naomba kuwasilisha hasira yangu, alisema. Mtu si mbegu ya mahindi. Majaribio yana mahali pake, shamba darasa. Unapanda mistari miwili, ikikauka unang'oa. Je, huyu binti akikauka, watamng'oa?

— Na wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta, alidakia Dozi. Hawa ndio kwanza wanautoboa ufa, tena kichwani. Huo ukuta ataujenga nani?

Dozi ni Nsabimana. Aliwahi kulinda geti la hospitali kwa miaka mitatu, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua. Akatueleza kwamba kichwa cha mtu kina mishipa elfu nne, miwili tu ndiyo ya kifafa, na hao madaktari wataitafuta kwa kubahatisha, kama fundi redio. Wakigusa wa lugha, binti atarudi anaongea Kihindi. Wakigusa wa kushona, tutavaa suruali za mguu mmoja.

Hapo tukakasirika zaidi, maana sasa ilikuwa inatuhusu.

Wa tatu alikuwa Hilali, au Pasipoti. Pasipoti anayo kweli, ina muhuri mmoja wa Burundi, alikokaa tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kilichomuuma hakukificha: Mzee Tharsisi, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilimfikisha Kigoma mjini na akarudi na kichefuchefu, ndiye atakayepanda ndege kabla yake. Lakini hasira yake aliivika koti la hoja. Alisema kitu chochote chenye betri kina laini, na chenye laini kina mtu anayesikiliza upande wa pili. Kile kifungo kikishapachikwa, kila kinachosemwa hatua kumi na mbili kutoka kwa Ininahazwe kitasikika India.

— Yaani hapa, alisema. Hapa tulipo.

Tukatazamana. Bunge akashusha sauti. Tukaanza kukumbuka tuliyowahi kuyasema kwenye ubao ule kuhusu wake zetu.

— Halafu mnasahau methali, aliendelea Pasipoti. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni binti, mwenyeji ni India. Sasa nani atakayepona hapo?

 Khatibu, ambaye babu yake alitoka Ujiji na methali anazijua mahali pake, alitikisa tu kichwa na kuendelea kupepea mkaa.

Sasa mimi. Mimi ni Pazia. Miaka kumi na minane nilikuwa na kikundi cha vichekesho, Kasulu, Kibondo, Kakonko, mpaka Nyabibuye karibu na mpaka, harusini, mashuleni, popote penye watu na jukwaa la mbao. Nilikuwa na kipande kimoja kilichonilisha: bwana harusi anaanguka kifafa wakati anavishwa pete. Mkono wa kushoto unaanza, vidole vinacheza kama vinapiga kinanda, halafu bega, halafu chini kama kiroba cha mihogo. Kibondo walilia kwa kucheka, nilirudishwa jukwaani mara tatu. Nalitaja hilo kwa ajili ya utaalamu tu. Kijiweni, likija suala la kuanguka, mtaalamu ni mimi.

Kwa utaalamu huo nikasema kinachoniudhi si kidude, ni dharau. Mtu akisafiri hapa kwetu hupita kijiweni, akaaga, akashauriwa, akapewa hata neno la njiani. Hawa wamefunga mizigo kimya kimya. Wamewaamini watu wanaomjua binti yao kwa karatasi, wakatuacha sisi tunaokaa naye hatua kumi na mbili, mwaka wa nne huu.

— Sisi ndio tunaomjua, nikasema. Nani alikuwepo Jumanne alipoanguka? Alianguka hapa, mbele ya ubao huu.

— Tulikuwepo, alisema Bunge. Iingie kwenye kumbukumbu.

— Macho manane, alisema Dozi.

Khatibu alinyanyua kichwa. Jumanne yeye alikuwa msikitini, swala ya adhuhuri, na aliporudi alikuta birika lake limepinduliwa na mkaa umezimwa na kahawa. Tulimwambia ni mbuzi. Amekuwa akimtafuta huyo mbuzi tangu siku hiyo.

Kabla hajauliza, tukamwona Ininahazwe anavuka. Wanawake hawaji kijiweni kwetu, hupita mbali kama wanaopita penye nyuki. Yeye alikuja moja kwa moja, futi ya kupimia bado shingoni, daftari mkononi, na mama yake nyuma.

— Shikamooni, baba zangu.

Tukaitikia marahaba kwa mpigo, kama kwaya. Bunge akasimama na kuanza kumpa nasaha za safari, asikubali kusaini asichokisoma, asile chakula kisichojulikana. Binti akamsubiri. Alipofika mahali pa kumeza mate, binti akaingia.

— Ahsante, baba. Nina jambo moja tu la kuuliza.

Akatufungulia daftari. Madaktari, alisema, walimtaka aandike kila anguko kwa siku tisini. Mistari imepigwa kwa rula: siku, saa, mkono ulioanza kutetemeka, dakika ngapi, na jina la aliyeona. Wanataka kujua mkono kwa sababu ndio unaowaambia upande wa kichwa wa kukipachika kile kidude. Kurasa zote zilikuwa zimejaa mwandiko wa mama yake, mkubwa, wa mtu aliyeandika huku kampakata mtoto. Umebaki mstari mmoja. Jumanne, saa saba mchana. Mama alikuwa Rungwe Mpya akipiga maharage.

— Picha ya ukurasa huu natakiwa kuituma leo jioni, alisema. Wameshasema, daftari lisiwe na tundu. Likiwa na tundu wanaanza kuhesabu upya, na nafasi yangu anapewa wa kumi na tatu.

Akatoa kalamu.

— Mkono upi ulianza?

Jamani, swali hilo. Tulikuwa na mishipa elfu nne, tulikuwa na laini ya kwenda India, tulikuwa na ukuta na ufa wake. Mkono hatukuwa nao.

Bunge aliketi. Hiyo peke yake ni habari. Dozi akasema kitaalamu mkono si hoja, cha msingi ni damu. Binti akamwambia kwa adabu kwamba wanataka mkono. Pasipoti akasema muda ule alikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa ya muhimu.

— Si mmesema mlikuwepo? aliuliza Khatibu.

Dozi akaeleza kwamba alikuwa anazuia watu wasimguse, maana lile povu, mnajua, na upepo ulikuwa unavuma huku. Alikuwa anawazuia akiwa wapi, hakusema. Mnazijua imani za huku kwetu: mtu wa kifafa akianguka, anayemgusa anakibeba, hata pumzi yake usiivute. Hospitali wameshasema si kweli, wamesema mpaka sauti imekauka. Dozi mwenyewe alikuwa anawatangazia watu hivyo pale getini.

— Nilizindukia peke yangu, alisema Ininahazwe. Sikuwalaumu. Nilikuta kahawa imemwagika na kandambili tatu, kila moja ya mtu wake. Nikazipanga chini ya ubao, zisiokotwe.

Kweli tulizikuta zimepangwa. Tulidhani ni Khatibu.

Khatibu alimtazama Bunge miguuni, kisha Dozi, kisha mimi. Nadhani ndipo alipompata mbuzi wake.

— Mimi sikuwepo, baba zangu, alisema binti. Nikianguka mimi huwa sipo. Mliokuwepo ni nyinyi.

Kimya hicho sikukiweza. Mtu wa jukwaani akisikia kimya anadhani ni zamu yake.

— Kushoto, nikasema.

Wenzangu walipumua kama matairi. Mama Immakulata akaniangalia kwa macho ambayo hakuna mtu amewahi kuniangalia nayo, nikajisikia nimefaa kitu duniani. Binti akainamia daftari.

— Uliona mwenyewe, Mzee Pazia?

— Vizuri kabisa. Kushoto ndiko kulikoanza. Vidole vikacheza kama vinapiga kinanda, halafu bega, halafu...

Kalamu ilisimama.

— Halafu chini kama kiroba cha mihogo, alimalizia yeye.

Nikaanza kutafuta kikombe changu.

— Nilikuwa darasa la nne, Kibondo, kwa shangazi, alisema. Mlikuja shuleni kwetu. Ulipoanguka walicheka wote, mpaka walimu. Halafu wakageuka kunitazama mimi. Mkono wangu sijui unaanza upi, Mzee Pazia. Wako naujua.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea, nina majibu ya hasira ya kutosha mwaka mzima. Alikuwa ameshaandika herufi mbili. Akazikata kwa mstari ulionyooka, mstari wa fundi, kisha pale penye jina la aliyeona akaandika: hakuna. Pa mkono akapaacha tundu.

— Tugende, mwana wanje, alisema mama yake. Twende zetu, mwanangu.

Wakavuka. Tukamwona anaweka daftari juu ya cherehani, anakunja shati la mtu, anaendelea na kazi. Lilikuwa shati langu.

Bunge akanyoosha kikombe. Khatibu akakichukua, akachukua na vya wengine, vingine vikiwa nusu, akavimwaga kimoja kimoja kwenye mchanga.

— Kahawa imeisha, alisema, birika bado likifuka mvuke pembeni yake. Mbuzi wanne wameshakunywa.

Sasa ile sababu ya tatu. Msiwalaumu madaktari wa India, wala Mzee Tharsisi na safari yake, wala hata Bunge, ambaye angalau alipiga teke birika akiwa bado upande huu wa barabara. Jumanne siwezi kuisimulia vizuri, kwa sababu niliishuhudia yote nikiwa nyuma ya choo cha soko, nimebana pumzi, na kandambili moja.