Mutanu na Tanuri la Moshi

Baada ya kutumikia kiwanda chetu cha nyama hapa Mweiga kwa miaka ishirini na miwili, Bi. Mutanu Wandera anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Alifika Mweiga akiwa mke wa polisi aliyehamishwa kutoka Kitui, akaomba kazi ya kufagia. Kabla mwaka haujaisha alikabidhiwa tanuri la moshi, lile kabati kubwa la chuma kisichoshika kutu ambamo soseji na bekoni zetu zote hupitia.

Kulisafisha si kazi ya kumwaga maji tu. Moshi na mafuta ya nyama huacha utando mweusi unaong'aa kama lami. Mutanu hulipasha tanuri joto kidogo, akapaka sabuni ya kuyeyusha mafuta, akanywa chai sabuni ikifanya kazi yake, kisha akasugua kwa brashi laini. Waya wa kusugulia sufuria aliupiga marufuku, maana hukwaruza chuma na mikwaruzo hushika kutu. Siku moja mkurugenzi mwenyewe aliegemea mlango wa tanuri akiwa na mandazi mkononi. Mutanu alimpa kitambaa, naye akapangusa.

Lakini anayetaka kumjua vizuri na aulizie masika ya mwaka 2014. Kuni za mibuni kutoka Kiriaini zilifika zimelowa, nasi tukazitumia hivyo hivyo. Moshi ukawa mzito, na haikuchukua muda lami ikaanza kudondokea nyama. Afisa wa afya akafunga chumba cha moshi. Mkurugenzi alitangaza kwamba kisipofunguliwa kufikia mwisho wa mwezi, tutauza nyama mbichi pekee. Wenzetu sita wangepoteza kazi.

Juma hilo hilo mumewe, Koplo Wandera, alipata uhamisho kwenda Lodwar. Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Wandera husimulia mpaka leo alichoambiwa na mkewe.

"Tangulia, Baba Sophie. Nikiacha hii kazi hivi, watu watakosa unga."

Wandera alifungua mzigo mmoja, akamtolea sufuria na blanketi.

Mutanu na Wamae, mtu wetu wa kuni, waliingia ndani ya tanuri wakasugua siku baada ya siku. Lami iliondoka yote. Hata hivyo afisa aliporudi alionyesha madoa ya rangi ya chai kwenye dari ya tanuri, akakataa kufungua.

"Mama, hii imeisha," Wamae alimwambia. "Wacha wanunue ingine."

Mutanu alikaa juu ya ndoo akalia, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kuliona. Kisha akajipangusa uso, akamwendea fundi wetu wa mitambo, Bi. Wachuka, wakayatazama madoa pamoja. Wachuka alimweleza kwamba yale si mafuta tena, ni alama za moto na chumvi ya maji, na sabuni haiyawezi. Yanataka kitu kikali kama ndimu. Wakachanganya asidi ya ndimu na maji, Mutanu akapaka, akasuuza, akakausha kila kona. Afisa alipokuja tena alikagua bila haraka, kisha akaomba kalamu. Chumba kikafunguliwa, na wenzetu wote sita wakabaki kazini. Kuni nazo, tangu hapo, huanikwa chini ya paa.

Wandera alikaa Lodwar miaka mitatu, na likizo zote Mutanu alizimalizia kwenye mabasi ya kwenda huko. Leo mumewe amestaafu, wana ng'ombe wa maziwa na shamba la viazi, na binti yao Sophie ni muuguzi Karatina.

Mwezi uliopita Mutanu alimwachia Wamae tanuri alioshe peke yake. Yeye aliketi kantini, akauelekeza mgongo mlangoni, akajifanya anasoma gazeti. Alipoitwa aliingia, akatazama dari, kuta na pembe zote, akatoka na kuvua gambuti.

"Iko sawa," alisema. "Naona sasa naweza kwenda."

Mama Sophie, asante kwa jasho lako na kwa kutokata tamaa kwa niaba yetu. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha viazi, na asubuhi nyingi za kunywa chai pole pole na Baba Sophie. Uishi vyema, mama yetu.